Laptopu mpya, akaunti ya fundi: yaliyonikuta duka moja la Kariakoo

Jamani naandika hii nikiwa nimepoa, maana ningeandika wiki ile ile yangetoka matusi matupu. Nina steshenari yangu Tabata, natoa kopi, nachapa CV, kadi za harusi, fomu za watu wa ajira. Kompyuta ya zamani ilikuwa na Windows 10, ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kupanda Windows 11 ilikuwa inagoma kwa uzee wake, nikaona isiwe tabu, nikavunja kibubu nikaenda Kariakoo. Jina la duka silitaji, na laptopu ni ya kampuni gani pia acheni, shida haikuwa laptopu.

Nianze na haki yao. Bei 950,000, RAM GB 8, SSD GB 256, boksi halijafunguliwa, waranti mwaka mmoja. Mzigo wa kupitia Dubai kwa hiyo kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni, na chaja ina miguu miwili ya duara wakati soketi zetu ni zile za miguu mitatu, wakanipa adapta bila hata kuomba. Hapo sina neno. Halafu kijana mmoja akasema dada kaa hapo kwenye stuli tukuwekee kila kitu bure, ukifika kwako ni kuwasha tu. Nikakaa. Nikaletewa na soda. Soda ile ndiyo ghali kuliko zote nilizowahi kunywa.

Kwa wasiojua, Windows 11 Home ukiiwasha mara ya kwanza inataka intaneti na inataka akaunti ya Microsoft, yaani imeli na paswedi. Fundi badala ya kuniuliza imeli yangu akaweka yake, akaniwekea na PIN, akaniambia tayari. Nikawasha naona jina la mtu mwingine pale mwanzo, mi najua nini, nikajua ndo jina la duka.

Kesho yake saa 2 asubuhi nafungua ofisi, saa ya kompyuta inaniambia ni saa 4 usiku wa jana. Kumbe kaacha majira ya Marekani. Nikibonyeza alama ya @ inatoka alama ya kufungua na kufunga semi, kaacha kibodi ya Kiingereza cha Uingereza. Hayo madogo, nilirekebisha mwenyewe. Bando sasa! Nimeunga na hotspoti ya simu, bando la GB 10, mchana limeisha na sijafungua hata Word. Apdeti zilikuwa zinashuka kimyakimya. Dawa yake niliijua baadaye, unaingia kwenye mipangilio ya waifai unawasha ile ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, inatulia.

Siku ya tatu ndo nikaona maajabu. Kwenye desktopu kuna mafaili si yangu. Cheti cha fomu foo cha kijana simjui, bajeti ya harusi ya watu, picha ya mtoto kwenye keki. Kila moja lina kawingu kadogo pembeni, nikibonyeza linafunguka. Damu ikachemka, nikajua nimeuziwa mtumba. Nikayafuta yote nikapanda daladala hadi Kariakoo na laptopu kwenye mfuko, nikaongea mpaka wateja wengine wakageuka. Wakanionyesha boksi, wakaapa kwa Mungu ni mpya, mwenye duka akaniita mama punguza sauti. Nikarudi nyumbani na aibu nusu hasira nusu.

Mpya ilikuwa mpya kweli, si waongo. Ila wiki moja baadaye ikajipa apdeti ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, ikajizima ikajiwasha, skrini ya bluu, inataka funguo ya tarakimu 48. Arobaini na nane! Mle ndani kuna kadi za harusi za mteja anayezichukua Ijumaa. Hii inaitwa BitLocker, laptopu nyingi za siku hizi ukiingia na akaunti diski inajifunga yenyewe, na funguo yake inatunzwa kwenye akaunti hiyo. Kwa hiyo hata ukiibiwa mwizi hasomi kitu, ni kitu kizuri tu, lakini pale kwenye skrini kulikuwa na mwanzo wa imeli ya mwenye akaunti na haikuwa yangu.

Nikampigia fundi. Siku ya kwanza hapokei. Ya pili anasema dada nipo msibani. Ya tatu anasema nitumie elfu 30 ya usumbufu, nikamwambia mdogo wangu nakuja mwenyewe. Kufika, paswedi ya akaunti yake kaisahau, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini aliyokwisha kuitupa, tumekaa pale mpaka adhuhuri inaita ndo kaka mmoja akakumbuka kuna simu ya zamani droo ya chini bado ina akaunti imefunguka.

Sasa alipofungua ukurasa wa funguo nikaishiwa pozi. Orodha ndeeefu, zote zinaitwa DESKTOP na vinamba nyuma. Kila laptopu aliyomsetia mteja bure, funguo yake ipo kwenye simu ya huyu kijana. Tukawa tunalinganisha ile ID ya kwenye skrini yangu na za kwenye orodha, moja moja, mpaka tukaipata.

Na yale mafaili nayo nikayaelewa. Ni OneDrive, stoo ya mafaili ya mtandaoni inayokuja na akaunti ya Microsoft. Sote tuko akaunti moja, kwa hiyo kila mtu anachoweka kwenye desktopu kinapanda kwenye GB 5 za bure za fundi na kushuka kwa wenzake. CV za wateja wangu, na namba zao za simu, zilikuwa zinaonekana kwa watu nisiowajua. Kijana wala hakuwa mwizi, ni uvivu wa kuandika imeli mpya kila mara, na alishangaa kuliko mimi.

Nimehamisha kazi zangu kwenye flashi, nikaifuta laptopu yote nikaanza upya. Mnaofanya hivyo chagueni ile ya kutumia mafaili yaliyomo kwenye mashine, ile ya kushusha kutoka mtandaoni inakula zaidi ya GB 4. Imeli yangu, paswedi yangu kwenye daftari la mauzo, nchi Tanzania, kibodi ya Marekani, OneDrive nikaizima. Zile namba 48 nikazichapa nikazilamineti kwa mashine yangu mwenyewe, ziko nyumbani kwenye kabati la nguo na si kwenye begi la laptopu.

Bidhaa nyota 4, huduma ya bure nyota 1, na hiyo 1 ni ya adapta. Soda kunyweni, ila imeli andikeni wenyewe.

Kitu kimoja kilinikosesha usingizi. Mkinikumbuka, yale mafaili ya watu niliyafuta, na kwenye akaunti moja ukifuta huku kunafutika kote. Nilirudi tena dukani kwa ajili hiyo tu. Pipa la OneDrive linatunza siku 30, tulikuwa siku ya 19, fundi akayarudisha mbele yangu, cheti, bajeti ya harusi, na yule mtoto na keki yake.