Makazi ya bure yenye mkia: uzoefu wangu wa kutunza nyumba na wanyama wa watu Uingereza

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja na nusu nimeikata kwa sababu ya neno "bure", ambalo majukwaa ya mtandaoni ya mpango huu hulipiga kama ngoma ya harusi.

Utaratibu ni huu. Mwenye nyumba anasafiri na hataki kumpeleka paka au mbwa wake bweni. Wewe unatafuta pa kulala. Jukwaa linawakutanisha, unalipa ada ya mwaka, kisha hakuna senti inayopita kati yako na mwenye nyumba. TrustedHousesitters, Nomador, MindMyHouse na HouseCarers ndiyo majina utakayokutana nayo kwanza. Ninalolipia mimi sitalitaja, na mengi ya hapa chini yanahusu utaratibu wenyewe kuliko kampuni yoyote. Kabla ya kutoa namba ya kadi, tazama mambo mawili: kama usajili unajihuisha wenyewe mwaka ukiisha, na kama kuna ada nyingine kwa kila safari inayokubaliwa. Mimi huzima kujihuisha siku ileile ya kulipa.

Bei halisi ya nyumba hizi hupimwa kwa saa ambazo mnyama anaweza kuachwa peke yake. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye tangazo, kabla ya picha za jikoni. Paka mzima mwenye afya anakuachia mchana wote. Mbwa mzima hesabu saa 4, zaidi ya hapo ni kumwonea. Mbwa mchanga wa miezi mitatu hata saa moja ni nyingi, na usiku atakuamsha kwenda kukojoa. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa ana saa sifuri: hutaenda dukani bila yeye. Chukua tangazo la kawaida la wiki mbili, mbwa mmoja, matembezi mawili ya dakika 45 kila siku. Hayo ni saa 21 za kutembea tu, mvua inyeshe isinyeshe, bila kuhesabu chakula, kuchana manyoya, na kurudi nyumbani mbio kabla saa 4 hazijaisha. Kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta hapo hapo nyumbani, bado ni biashara nzuri. Mtu anayetaka kuizunguka London kutwa atakuwa amelipia hoteli kwa miguu yake.

Jambo la viza niliseme wazi, maana naulizwa sana na watu wa nyumbani. Kama unakuja kwa viza ya utembezi, usiijenge safari yako juu ya mpango huu. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi Uingereza, hata isiyo na mshahara, na ofisa wa mpakani anaweza kuyahesabu makazi unayopewa kwa kutunza mbwa kuwa ndiyo malipo. Marekani nako ni hivyo hivyo; kuna watu waliorudishwa kutoka uwanja wa ndege kwa sababu hiyo. Barua ya jukwaa inayosema "hii si kazi" haimfungi ofisa yeyote. Mpango huu unawafaa wenye ukaazi au uraia wa nchi husika.

Kuomba nyumba ya kwanza ndiko kugumu, kwa sababu huna hata tathmini moja. Jukwaa ninalotumia husimamisha tangazo maombi yakifika matano, kwa hiyo nyumba nzuri ya London hufungwa mapema sana. Anza na nyumba za mji mdogo, siku tatu au nne, katikati ya wiki, Novemba au Februari. Ombi liwe fupi: taja mnyama kwa jina lake, taja kitu kimoja kutoka kwenye tangazo kinachoonyesha umelisoma, sema utakuwa nyumbani saa ngapi kwa siku. Cheti cha rekodi ya jinai cha ngazi ya msingi, kinachoitwa DBS, mtu yeyote anaweza kujiombea, na kinasaidia asiye na tathmini.

Msomaji Mwislamu, hasa wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani yetu, tumia kichujio cha "paka pekee" tangu mwanzo. Kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kila kilicholambwa na mbwa hakuwezekani katika nyumba ambayo mbwa analala kwenye sofa. Matangazo ya paka ni mengi, na ndiyo yanayokuachia saa nyingi zaidi, kwa hiyo hupotezi kitu.

Sasa simu ya video, ambayo mimi siikubali nyumba bila yake. Tathmini za nyota tano hazina maana sana hapa, kwa sababu kila upande unaogopa kuandikwa vibaya. Uliza maswali ambayo jibu lake haliwezi kupakwa sukari. Mnyama analala wapi? (Wengine hawakuambii kwamba ni kitandani mwako.) Ameshawahi kumuuma mtu au mbwa mwingine? Mara ya mwisho alitoroka kupitia wapi? Kamera ziko vyumba gani, na zitabaki zimewashwa? Kuna mtu mwingine mwenye ufunguo? Kama ni XL Bully, aina ya mbwa mkubwa iliyopigwa marufuku, omba uone cheti cha msamaha: tangu Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti hicho England na Wales, na hadharani lazima avishwe kizuia-mdomo na ashikwe kwa kamba. Hizo si nyumba za mtu anayeanza.

Dawa ndizo zinazotenganisha mtunzaji na mgeni wa kulala tu. Paka mwenye kisukari hudungwa insulini kila baada ya saa 12, kwa hiyo umefungwa asubuhi na jioni bila msamaha. Angalia maandishi kwenye chupa na kwenye bomba la sindano: U-40 na U-100 ni nguvu ya insulini, na ya U-40 huenda na bomba la U-40, ya U-100 na la U-100. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 unampa dozi mara mbili na nusu, na hiyo inaua. Ukifanya kinyume chake unampa chini ya nusu. Kama hajala, usidunge dozi nzima kwa mazoea. Mpigie daktari wa mifugo kwanza. Akianza kuyumba, kulegea au kutetemeka, sukari imeshuka: mpake asali kwenye fizi, kisha mkimbize. Kwa vidonge, uliza kama vinaruhusiwa kusagwa, maana vingine haviruhusiwi, na mwombe mwenye nyumba akutumie video ya yeye mwenyewe akimmezesha. Maelezo ya maandishi ya "anakula kwenye jibini bila shida" nimeacha kuyaamini.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye kasha la mchanga, anajikamua na hatoi mkojo, amezibwa. Ni dharura ya usiku huohuo. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo limejaa kama ngoma na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo linaweza kuwa limejipinda, hesabu dakika. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula wala kutoa vinyesi, utumbo umesimama. Paka aliyegoma kula siku nzima kwa sababu ya ugeni wako mpe samaki aliyepashwa moto kidogo, ili harufu ikolee. Ikipita siku ya pili ini linaingia hatarini, hasa akiwa mnene.

Sumu za nyumbani ni hizi: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na chingamu zenye zailitoli (kitamu mbadala wa sukari) kwa mbwa; paracetamol na maua ya lili kwa paka. Lili ni hatari kuliko watu wanavyodhani, hata chavua iliyodondokea manyoya na kulambwa inatosha kuharibu figo. Ukikuta shada la lili mezani, litoe nje kwanza, ndipo umwandikie mwenye nyumba. Na nyumba yenye mbwa na paka pamoja, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini isimguse paka kabisa, wala paka asilale na mbwa kabla haijakauka.

Fedha za daktari mkubaliane kabla. Wanyama hawana NHS, ile huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na kliniki ya usiku inaweza kutoza zaidi ya pauni 200 kabla hata ya matibabu kuanza. Nataka vitu vitatu kwa maandishi: kliniki imeambiwa kwamba mimi nina ruhusa ya kumleta mnyama, kiwango cha juu ninachoweza kuidhinisha mwenye nyumba asipopatikana, na kadi yake au namba ya bima. Uliza pia anwani ya kliniki ya usiku, kwa kuwa mara nyingi siyo ile ya mchana.

Mbwa kutoroka ndilo kosa la siku tatu za kwanza. Hajakujua, na wewe ni mgeni uliyefungua mlango. Kanuni yangu: mlango wa mbele haufunguliwi mpaka mlango wa ndani umefungwa. Ukosi ubane kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Kamba haifunguliwi kwenye bustani ya umma hata mwenye nyumba akisema "yeye hurudi akiitwa". Hurudi akiitwa na mwenyewe, si na wewe. Mbwa wote wanatakiwa kuwa na chipu ya utambulisho chini ya ngozi tangu Aprili 2016, na paka wa England tangu Juni 2024, lakini chipu inaelekeza kwenye simu ya mtu ambaye wakati huo yuko ndegeni. Mwombe aongeze namba yako kwa muda, na ufunge kibati chenye namba yako ya Uingereza kwenye ukosi. Kinagharimu pauni chache.

Nyumba yenyewe ina mambo yake. Siku ya kwanza piga picha za mita, madoa ya zulia na mikwaruzo, uzitume palepale. Ujue koki kuu ya maji iko wapi na kisanduku cha umeme kiko wapi. Boila, mashine ya kupasha maji na nyumba, ikizima, tazama kwanza geji ya shinikizo: boila ikiwa baridi inatakiwa kusoma kati ya baa 1 na 1.5. Ikishuka chini ya 1 unaongeza maji kupitia mpira mdogo wenye vali mbili, taratibu, kisha unafunga vali zote mbili. Wakati wa barafu, boila ikikoroma kama tumbo lenye njaa kisha ikazima, mara nyingi bomba jembamba la plastiki linalotoka nje limeganda. Mwagia maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, halafu uiwashe upya. Takataka zina siku zake na rangi za mapipa yake. Ukikosa siku utaishi na mchanga wa paka wiki mbili.

Kuku wanaonekana rahisi kwenye tangazo, ila lazima wafungwe jioni giza linapoingia, vinginevyo mbweha atafanya hesabu yake. Juni giza huingia saa nne usiku, Desemba saa kumi jioni. Kwa hiyo kuku wanakata jioni zako zote za baridi. Tarehe 5 Novemba na siku za jirani yake kuna fataki: tembeza mbwa kabla ya magharibi, funga mapazia, washa redio.

Nyumbani Afrika Mashariki mpango huu haujashika mizizi kwa sababu iliyo wazi: Karen ya Nairobi au Masaki ya Dar nyumba ina askari na dada wa kazi, na mwenye nyumba akisafiri wao ndio wanaobaki na mbwa. Wageni wanaopeana nyumba Nairobi na Dar hufanya kwa kujuana na makundi ya WhatsApp. Ukipata moja, kuna tofauti mbili kubwa na Uingereza. Huku kwetu kichaa cha mbwa kipo: ona cheti cha chanjo, na mbwa akikuuma osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kachanjwe siku hiyohiyo. Ya pili ni kupe. Mbwa aliyelegea, hataki kula, fizi zimepauka, mpeleke akapimwe homa ya kupe, usingoje. Na maelewano na askari na dada yafanywe na mwenye nyumba, mbele yao, kabla hajaondoka: nani anapika cha mbwa, nani ana funguo, nani anapokea maagizo kutoka kwa nani.

Udhaifu mkubwa wa huduma ni mipango kuvunjwa. Mwenye nyumba akiahirisha safari wiki moja kabla, tiketi yako ya treni ni hasara yako, na huduma kwa wateja itakujibu kwa adabu nyingi na msaada mchache. Nunua tiketi zinazobadilishika, na usipange nyumba mbili mfululizo bila usiku mmoja wa akiba katikati. Usiku huo ulipie mwenyewe, ni sehemu ya ada.

Siku ya kuondoka: shuka zifuliwe, kasha la mchanga libadilishwe lote, chakula kibaki cha siku mbili zaidi ya zilizokubaliwa. Funguo siziachi mpaka mwenye nyumba ameandika kwamba ametua nchini. Ndege huchelewa, na mbwa hana namna ya kujifungulia mlango.