Chujio la ndoo mbili: mshumaa upi unafaa ukanda wa korosho?

Ndoo mbili zimepandana, ya juu ina mishumaa ya kauri (vichujio vya udongo uliochomwa, vyenye umbo la mshumaa), ya chini ina koki. Kwa kaya ya Newala au Tandahimba inayokunywa maji ya mvua, chujio hili linastahili hela yake kama mshumaa una kaboni ndani, yaani makaa maalumu yanayonasa dawa iliyoyeyuka. Mshumaa usipokuwa nayo, unanunua nusu ya kinga.

Mshumaa mtupu huzuia tope na bakteria, lakini dawa ya wadudu iliyoyeyuka hupita. Utikise kabla ya kulipa: ukisikia chenga zikichakarika ndani, mara nyingi ndiyo kaboni. Makaa ya jikoni hayana nguvu hiyo, msiyajaze humo.

Mikorosho hupulizwa wakati wa kiangazi, salfa kwa ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe) na viuatilifu kwa mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza mimea). Kinachopeperuka hutua kwenye mabati, na mvua za kwanza za Novemba au Desemba hukisukumia tangini. Kuchemsha huua vijidudu tu. Dawa nyingi hubaki, na maji yakipungua sufuriani hukolea. Klorini nayo ikikutana na klorpirifosi, mojawapo ya dawa za wadudu, huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Kwa hiyo chujeni kwanza, vidonge vya klorini vitiwe baadaye.

Kasoro kubwa tunayoiona iko kwenye kufunga mshumaa kwenye ndoo. Mpira mmoja ukae ndani ya ndoo, mwingine nje, nati ikazwe kwa mkono. Ukitumia spana kauri hupasuka shingoni. Kisha inua ndoo ya juu ikiwa na maji, utazame chini yake. Tone litoke kwenye ncha ya kishina cha mshumaa peke yake. Likitambaa pembeni ya nati, hayo maji hayajachujwa hata kidogo.

Ni chujio la polepole, mara nyingi lita 1 au pungufu kwa saa kwa kila mshumaa. Likianza ghafla kutoa maji kwa kasi, tafuteni ufa. Likizidi kuzubaa, sugueni kauri kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Kaboni haisafishiki. Ikishajaa, maji huendelea kuwa maangavu vilevile, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pimeni kwa maji yenye klorini: harufu ikitokeza chini, mshumaa umekwisha. Hata isipotokeza, muda ulioandikwa kwenye boksi ukifika badilisheni.

Chujio lisibebeshwe mzigo wote. Mvua ya kwanza mwageni angalau lita 1 kwa kila mita mraba ya paa. Bati la mita 8 kwa 6 ni lita 48, na baada ya msimu wa kupuliza sisi tungemwaga mara mbili ya hapo. Dumu lililobeba dawa lisichotee maji, hata likioshwa mara kumi. Kisima kinachooshewa mabomba ya kupulizia hakifai kunywewa, hata kwa chujio lolote la ndoo.

Duka lisilouza mishumaa ya kubadilisha, msinunue chujio hapo.