Walimpa fundi bomba ashone mapazia: uzoefu wetu wa kujitolea kama mume na mke

Nimekaa na jambo hili tangu turudi, na kila nikijaribu kuliandika kwa upole nashindwa. Basi nitaliandika lilivyo.

Mke wangu ni fundi bomba. Simaanishi kwamba anajua kubadilisha mpira wa koki. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha na kusomesha watoto wetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilikuwa mwalimu. Bomba likipasuka nyumbani, mimi nashika tochi, yeye anatengeneza. Natanguliza hili kwa sababu kila kilichotuudhi huko kilianzia hapo.

Wazo la kusafiri pamoja na kutengeneza majengo ya huduma za Kikristo lilikuwa letu sote wawili. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiwatazama Jimmy Carter, yule rais wa zamani wa Marekani, na mkewe Rosalynn, ambao kuanzia mwaka 1984 walikuwa wakienda na shirika la Habitat for Humanity kujenga nyumba za watu, nyundo mkononi, mpaka uzeeni kabisa. Urais wake haukutushughulisha. Tulipenda kwamba walikwenda wawili na wakafanya kazi wawili. Mke wangu naye akaniambia, mbona hata Prisila na Akila walikuwa hivyo? Matendo ya Mitume sura ya 18 inasema walikuwa mafundi wa mahema. Haisemi kwamba Akila alishona mahema na Prisila akapika.

Tukajaza fomu. Ilikuwa na sehemu mbili. Ya mume: umeme, useremala, bomba, rangi, paa. Ya mke: jikoni, usafi, kushona, watoto. Mke wangu akaandika pembeni kwa herufi kubwa, FUNDI BOMBA, na miaka yake ya kazi. Jibu likaja kwamba tumekubaliwa, mbarikiwe sana, karibuni. Tukadhani wamesoma.

Kituo chenyewe ni kambi ya vijana: mabweni, ukumbi wa ibada, jiko kubwa, majengo ya zamani yaliyochoka. Mpango ni kwamba mnajilipia safari, wao wanawapa chumba na kazi, mnaamka kwa ibada, mnafanya kazi mpaka alasiri, jioni ni yenu. Sina lawama na hayo. Chumba kilikuwa safi na tulilala vizuri.

Mratibu wa kazi ni mtu wa makamo, mchangamfu, anaomba vizuri sana. Alinishika mkono kwa mikono miwili: "Karibu, mtumishi." Kisha akamgeukia mke wangu: "Mama, karibu. Wenzako wako chumba cha cherehani, tuna mapazia ya mabweni yote."

Nikamwambia, "Ndugu, mwenye ujuzi wa mabomba hapa ni mama. Mimi ni msaidizi wake."

Akacheka, akanipiga bega. "Mzee ni mnyenyekevu."

Mke wangu akaniminya mkono, maana yake niache. Akaenda kushona. Mimi nikapewa rola, ndoo ya rangi na ukuta.

Ukuta huo ndio nataka kuuzungumzia. Ulikuwa wa bweni la wasichana, na upande wake wa pili ni mabafu. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno ulikuwa na doa la rangi ya chai, lipu imevimba, na ukungu mweusi pembeni. Ukiingia tu harufu inakupokea mlangoni. Vitanda vya watoto viliegemezwa hapo hapo. Kazi yangu: kuupaka rangi nyeupe kabla ya wafadhili kutembelea kituo.

Mchana mke wangu alipita kuniona. Aliweka kiganja ukutani, akapiga magoti, akagonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akakata kipande cha nailoni nyepesi, akakibandika ukutani kwa tepu pande zote nne, kisibaki hata upenyo. Akasema kesho tutaona: jasho likitokea juu ya nailoni, upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa, chumba kinahitaji madirisha. Likitokea chini yake, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji.

Asubuhi matone yalikuwa chini, yamejipanga kama shanga.

Hakutosheka. Saa ya chakula, watu wote wakiwa ukumbini, tulizunguka kituo kizima tukafunga kila koki, tukahakikisha hakuna tangi la choo linalojaza, kisha tukaenda kuitazama mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Kila kitu kimefungwa na maji yanakwenda mahali. Hata mimi mwalimu wa historia nilielewa.

Tukaenda pamoja kwa mratibu. Mke wangu akaeleza kwa ufupi na kwa heshima: kuna bomba linavuja ndani ya ule ukuta, upasuliwe sehemu ndogo tu, kiungo kibadilishwe, ukuta uachwe ukauke kabisa ndipo upigwe lipu na rangi. Yule bwana muda wote alikuwa ananitazama mimi. Mke wangu anasema, yeye ananijibu mimi. "Mzee, wageni wanakuja Ijumaa. Tupake rangi, mambo mengine Bwana atafanya njia."

Mke wangu akasema, "Rangi haishiki juu ya maji, ndugu yangu."

Hapo ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza. "Mama, hapa tumekuja kutumika, hatukuja kufundishana. Mapazia yamefikia wapi?"

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani sijui mara ngapi. Nimeisema nikiendesha gari, nimeisema nikioga. Mtu amesafiri kwa gharama yake, ana ujuzi ambao kituo kingeulipia fedha nyingi kuupata, anautoa bure, na anaulizwa habari za mapazia! Na asubuhi ile ile ibada ilikuwa ya kitabu cha Nehemia. Mratibu mwenyewe alitusomea sura ya 3, majina yote ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, akasisitiza kwamba ulikamilika kwa siku 52. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu aliyejenga sehemu yake pamoja na binti zake. Binti zake! Aliusoma kwa sauti yake nzuri na akaupita.

Sasa niseme na la kwangu. Nilirudi bwenini nikapaka. Nilijua kilichomo ndani ya ukuta ule, nilikuwa nimeiona mita kwa macho yangu, na bado nilichovya rola nikapaka makoti mawili, kwa sababu sikutaka ugomvi mahali pa ibada. Usiku ule mke wangu hakuniuliza siku yangu ilikuwaje. Alilala akitazama upande wa pili. Katika safari nzima, usiku ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, na haukuletwa na mratibu.

Siku ya tatu, au ya nne, rangi ikaanza kutoa malengelenge. Ukibonyeza moja kwa kidole linapasuka na tone la maji linashuka. Mratibu akaja, akaangalia, akaniambia, "Mzee, nadhani hukupiga msasa vizuri."

Kama ningeandika haya siku ile, ningetoa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya vitanda.

Lakini jioni, baada ya watu kutawanyika, mzee mtunza kituo alikuja kugonga mlango wetu. Ni mtu wa maneno machache, anaishi pale miaka yote, anajua kila koki ilipo. Hakuja kwangu. Alimwambia mke wangu, "Mama, nimesikia unajua mabomba. Ule ukuta mimi nauona kila msimu. Kila msimu unapakwa."

Mke wangu alikwisha simama kufuata sanduku lake la vifaa. Lilikuwa limekaa chini ya kitanda wiki nzima.

Mzee akafunga maji ya jengo zima. Mimi nikashika tochi. Mke wangu akaanza kupasua kwa tindo na nyundo, taratibu, akifuata unyevu ulikozidi. Kipande cha kwanza cha lipu kilipoanguka alikiokota akanionyesha ukingo wake kwenye mwanga. Rangi zilikuwa zimepangana kama kurasa: nyeupe yangu juu, chini yake krimu, chini yake kijani hafifu, chini yake nyeupe nyingine. Nne. Nikaelewa ninachokiona. Kila rangi pale ni mtu aliyesafiri kama sisi, akajilipia kama sisi, akapewa rola, akaomba asubuhi, akapaka kwa moyo wake wote, akaondoka akiamini amemfanyia Mungu kazi. Na maji yakaendelea kuvuja nyuma yake.

Hilo ndilo lisilonitoka. Tusi kwa mke wangu yeye amekwisha lisamehe, na mimi najitahidi. Bali kuchezea sadaka ya watu, msimu baada ya msimu, ili tu wageni wakipita waone nyeupe!

Bomba lilikuwa hivi. Zamani lilikuwa la chuma lililopakwa zinki. Baadaye mtu akarekebisha sehemu kwa bomba la shaba, akaunganisha shaba na chuma moja kwa moja. Mke wangu akaniambia metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa, tena kinaliwa pale pale penye kiungo. Kilikuwa kimeliwa hadi kubaki kama biskuti iliyolowa. Akakata, akaweka kiungo chenye plastiki katikati ili visigusane tena, akafungua maji, akafunga koki zote, akamtuma mzee kwenye mita. Mzee alirudi akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. "Imesimama."

Tuliomba watatu pale pale, kwenye vumbi la lipu. Sijaomba hivyo kwa muda mrefu. Kwa dakika zile peke yake ningetoa nyota tano na kuwaambia kila mume na mke wafunge mizigo.

Asubuhi mratibu akakuta tundu. Mke wangu akamweleza kwamba lisizibwe, ukuta uliolowa kiasi kile unahitaji wiki kadhaa kukauka, wafungue madirisha na kuweka feni. Hakusema asante. Hakusema lolote. Wageni walipokaribia alikwenda chumba cha cherehani, akachukua pazia moja, akalitundika kufunika tundu. Lilikuwa limeshonwa na mke wangu.

Na siku ya kufunga, kwenye shukrani, akasimama mbele ya watu wote: "Tunamshukuru Mungu kwa mzee wetu aliyetutengenezea bomba lililotusumbua muda mrefu." Watu wakapiga makofi wakinitazama. Nikasimama. Nikasema si mimi, ni mke wangu, huyu hapa, mimi nilishika tochi. Yule bwana akatabasamu: "Amina, mume na mke ni mwili mmoja," akaanzisha wimbo. Mke wangu akanivuta shati nikae.

Kwa hiyo nitoe nyota ngapi? Nimeandika tatu, nikafuta, nikaandika mbili. Wenzetu tuliofanya nao kazi walikuwa watu wa ajabu. Kulikuwa na mume na mke waliosafisha mifereji ya paa ya majengo yote bila kuombwa, na jioni walikuwa wanatuombea kwa majina. Hao si wa nyota mbili. Lakini nikilikumbuka lile pazia natamani hata hizo mbili nizirudishe.

Wanaoongoza huduma kama hizi nawaomba wasome 2 Wafalme sura ya 12. Nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka, fedha zilikuwa zinakuja, na hata mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa hawajaitengeneza. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, fedha zikaingia humo, zikapelekwa mikononi mwa waliosimamia kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Hawakudaiwa hata hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Kazi ilikwenda ilipofika kwa wanaoijua.

Na ninyi mnaofikiria kwenda wawili wawili: msitume fomu peke yake. Pigeni simu, ombeni kuzungumza na mtunza kituo mwenyewe, si ofisi, mumuulize ni kitu gani kinarudiwa kila msimu. Atawaambia. Na aliye fundi kati yenu, awe mume au mke, aende na sanduku lake la vifaa.

Mimi nilikuwa nimeapa kwamba huko haturudi. Juzi simu ikaita, ni yule mzee. Ukuta umekauka, anasema, na mita anaitazama kila usiku kabla ya kulala. Sasa kuna sinki la jikoni, maji yanarudi juu badala ya kushuka. Nikaanza kumjibu, akasema, "Samahani, mwalimu, nipe mama." Sasa ni karibu nusu saa, mke wangu yuko chumba cha pili, namsikia anamuuliza bomba la kutolea maji lina upana gani na limelalia upande upi.