Uzoefu wangu na Minelab Equinox 800 katika mashamba ya kale ya Connecticut

Nimekitumia kifaa cha kutambua metali cha Minelab Equinox 800 kwa misimu mitatu sasa, karibu kila mara nikiwa na rafiki yangu mmoja, na karibu kila mara tukitafuta kitu kilekile: sarafu na masalia ya zama za ukoloni wa Kiingereza yaliyobaki ardhini katika mashamba ya Connecticut, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Tathmini hii ninamwandikia mtu mwenye lengo kama hilo. Anayetafuta pete ufukweni au chembe za dhahabu mtoni asikilize wengine, kwa sababu mimi sijawahi kukipeleka kifaa hiki huko.

Nianze na mahali penyewe, maana hapo ndipo kifaa kinapopimwa. Misitu ya Connecticut imejaa kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kuyashikanisha, na kila ukuta ni ushahidi kwamba msitu huo uliwahi kuwa shamba. Katika karne ya 19 wakulima wengi walihama, miti ikarudi, nyumba zikaoza au zikaungua, na kilichobaki ni shimo la msingi lililozungukwa na mawe, kisima kilichofukiwa, na misumari isiyohesabika. Misumari hiyo ndiyo kikwazo kikubwa. Kabla ya mashine za kukata misumari kuenea mwishoni mwa karne ya 18, kila msumari ulifuliwa kwa mkono na mhunzi, na nyumba ilipoanguka yote ilibaki udongoni. Sarafu ikilala karibu na msumari, chuma huifunika: kifaa husikia msumari, na mtu hupita juu ya fedha halisi bila kujua.

Kwa hiyo swali langu kuhusu kifaa chochote si kwamba kinafika kina gani. Katika ardhi iliyolimwa kwa plau, vitu vingi tulivyopata vilikuwa ndani ya sentimita 20 za juu, na kina hicho hata kifaa cha bei ndogo hukifikia. Swali ni kama kinaweza kutenganisha vitu viwili vilivyolala pamoja.

Equinox 800 inaweza, na sababu inaeleweka. Koili, yaani duara la nyaya linalopitishwa juu ya ardhi, hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka. Metali iliyo ardhini hujibu kwa mkondo wake mdogo wa umeme, na kifaa hupima nguvu ya jibu hilo na kiasi lilivyochelewa. Chuma huchelewa kwa namna moja, shaba na fedha kwa namna nyingine. Vifaa vingi vya zamani hutumia masafa ya aina moja tu, yaani kasi moja ya kubadilika kwa uga huo, lakini hiki hutuma masafa kadhaa kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu yake, kisha huonyesha namba kati ya -9 na 40, ambapo sifuri na kushuka chini ni chuma. Muhimu zaidi kwangu ni mpangilio wa kasi ya kujirudi, yaani jinsi kifaa kinavyotulia upesi baada ya kusikia kitu kimoja ili kiwe tayari kusikia cha pili. Mpangilio huo una ngazi 1 hadi 8. Penye misumari mimi huweka 6 au 7; kina hupungua kidogo, lakini milio hukatika mmoja mmoja badala ya kuungana kuwa ngurumo moja.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Uzito wa kilo 1.34 hauchoshi mkono kwa siku nzima, betri yake hutosha takriban saa 12, na kwa kuwa kimetengenezwa kuhimili maji hadi kina cha mita 3, mvua ya ghafla haitutii hofu. Nilikinunua kwa bei iliyokaribia dola 900, ambayo kwangu ilikuwa akiba ya miezi mingi.

Hata hivyo, kifaa hiki sikukielewa kwa kusoma kijitabu chake. Nilikielewa kwa sababu ya rafiki yangu, ambaye hutumia mashine ya zamani ya masafa ya aina moja na ana masikio yaliyozoea kazi hii miaka mingi kabla yangu. Tuna utaratibu ambao sasa siwezi kuuacha: mmoja akipata mlio wa shaka hachimbi, bali humwita mwenzake, na kila mmoja hupitisha koili yake akiwa amesimama upande tofauti, kisha tunazunguka robo duara na kurudia. Kipande kikubwa cha chuma bapa hudanganya, kwani hutoa namba ya juu kama ya fedha ukikipitia kwa upande mmoja. Ukizunguka, mlio hukatika au huhama mahali. Sarafu haihami. Hilo nilielezwa kwa maneno mara nyingi, lakini liliniingia nilipolisikia kwenye vifaa viwili vyenye tabia tofauti juu ya kipande kimoja cha ardhi.

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, hatua chache kutoka kwenye kizingiti cha nyumba iliyoungua, nilipita juu ya mlio mfupi uliobanwa katikati ya milio mizito ya chuma. Namba ilirukaruka kati ya 20 na 27, nami nikaondoka. Rafiki yangu alisimama.

"Ndugu yangu, rudi," aliniambia. "Usiangalie skrini. Pitisha polepole usikilize."

Nilirudi, nikapitisha koili kwa mwendo mfupi wa kiganja, na ule mlio wa juu ulibaki palepale kila upande tuliosimama. Tulikata kibonge cha majani, tukakiweka juu ya kitambaa, na chini yake, kati ya misumari mitatu, ilikuwapo nusu peni ya Mfalme George II ya mwaka 1749, na Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, ameketi upande wa pili.

Mwaka huo si wa kawaida katika eneo hili. Uingereza haikupeleka fedha za kutosha katika makoloni yake, kwa hiyo watu walifanya biashara kwa riali za Kihispania, kwa kubadilishana mazao na kwa kila kipande cha shaba kilichopatikana. Kisha mwaka 1749, Bunge la Uingereza lilipoilipa Massachusetts, koloni jirani, gharama za kuiteka ngome ya Louisbourg ya Wafaransa mwaka 1745, meli ilitia nanga Boston ikiwa na masanduku 217 ya fedha ya Kihispania na mapipa 100 ya sarafu za shaba. Shaba hizo zilisambaa New England yote, yaani eneo lenye Massachusetts, Connecticut na majirani zao. Siwezi kudai kwamba sarafu yetu ilitoka katika mojawapo ya mapipa hayo, lakini niliposoma habari hiyo usiku ule sikulala mapema.

Niseme pia kosa langu, kwa sababu linahusu kila atakayenunua kifaa kizuri akadhani kazi imeisha. Mwezi uliofuata nilipata mojawapo ya sarafu za shaba za Connecticut, zilizotengenezwa New Haven kati ya mwaka 1785 na 1788. Kwa hesabu ya miaka hizi si za ukoloni, kwa kuwa uhuru ulikuwa umeshatangazwa mwaka 1776, lakini wakusanyaji huziweka katika kundi hilohilo, nami nakubaliana nao: mkulima aliyeidondosha aliishi chini ya mfalme nusu ya maisha yake. Kwa furaha niliisugua kwa kidole gumba ili niuone mwaka. Mbolea na udongo wenye asidi huila shaba hadi tabaka la juu linakuwa laini mno, na punje za mchanga zilizokuwa juu yake ziliukwangua uso wote. Mwaka haukuonekana tena, wala hautaonekana. Tangu siku hiyo kila kitu cha shaba huingia kwenye kikopo chenye pamba kikiwa na udongo wake, na nyumbani husafishwa kwa maji yaliyochujwa madini na kijiti laini cha mbao, chini ya lenzi, bila haraka.

Kuhusu namba za skrini, ushauri wangu ni kuzitumia kama shahidi mmoja kati ya wawili. Nusu riali ya Kihispania, sarafu ndogo ya fedha ambayo ilikubalika kisheria nchini Marekani hadi mwaka 1857, ilinipa namba ya chini sana kuliko nilivyotarajia kwa fedha, karibu na pale zinapoangukia takataka za alumini, kwa sababu ni nyembamba na ina upana wa kama ukucha wa kidole gumba. Vivyo hivyo risasi za gobore, bizimu za viatu, subana na vifungo bapa vya makoti: vyote hukaa katika namba ambazo mtafutaji wa sarafu za kisasa huzizima ili asisumbuliwe. Mimi hubonyeza kitufe chenye alama ya kiatu cha farasi ili kifaa kisinifiche metali yoyote, nikakubali kelele. Ni kazi ya kuchosha masikio kwa wiki kadhaa, kisha masikio huzoea.

Mnunuzi ajue pia kwamba koili inayokuja na kifaa ina upana wa takriban sentimita 28, inayofaa kwa shamba lililo wazi. Kandokando ya shimo la msingi mimi hutumia ile ndogo ya sentimita 15, ambayo hununuliwa peke yake, kwa kuwa huona misumari michache kwa wakati mmoja. Kama fedha yako ni ya kuhesabu, ningekushauri ununue koili hiyo na kitafutio kidogo cha mkononi, kinachoonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, kabla ya kufikiria toleo jipya la Equinox 900. Kitafutio changu ni Garrett cha rangi ya chungwa, na bila hicho sarafu nyingi zingekatwa na sepetu.

Hatujawahi kuingia mahali bila ruhusa ya mwenye ardhi, na tunaiomba kwa maandishi. Mbuga za taifa zimekatazwa kabisa kwa vifaa hivi, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 inalinda masalia ya kiakiolojia yenye umri wa zaidi ya miaka 100 katika ardhi ya serikali kuu na ya wenyeji asilia. Sioni sheria hizo kuwa mzigo. Kitu kilichong'olewa bila kuandikwa kilipotoka hupoteza nusu ya habari yake, ndiyo maana rafiki yangu hubeba daftari na kuchora kila shimo tulilochimba, hata la msumari.

Mwenye shamba letu la Aprili, mama mzee ambaye ukoo wa mumewe ulinunua ardhi hiyo miaka mingi iliyopita, alichagua kubaki na ile nusu peni ya mwaka 1749, na tulifurahi kumwachia. Mwezi Desemba alituonyesha kipande cha ardhi nyuma ya kisima ambacho hakikuwamo katika ruhusa ya kwanza. Tulikipitia jioni moja tu. Karibu na mti mmoja wa tofaa uliozeeka, vifaa vyote viwili vilitoa mlio uleule kutoka pande zote nne, lakini ardhi ilikuwa imeshaganda na sepetu haikuingia. Rafiki yangu ameliweka alama mahali hapo katika daftari, na tunangoja udongo uyeyuke.