Tahadhari: Anayejiita Mchoraji wa Rangi za Mafuta Iringa Anauza Picha za Mashine

Ndugu zangu mlioko Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya, natoa tahadhari kuhusu kijana anayejitambulisha kuwa mchoraji wa sura za watu kwa rangi za mafuta na mkaa, ambaye hadi hivi karibuni alikuwa amepanga chumba si mbali na soko kuu la Iringa mjini na ambaye sasa, kwa taarifa nilizopata, anapokea oda Mbeya. Anachouza si mchoro. Ni picha iliyochapwa kwa mashine juu ya kitambaa, ikapakwa gundi ili ionekane ina alama za brashi, na bei anayotoza ni ya kazi ya mkono ya wiki nyingi. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa shauri liko polisi.

Shangazi amenisihi ninyamaze, akisema aibu ya ukoo haitolewi nje. Ninamheshimu sana, na waliokuwa Mafinga siku ya kumbukumbu ya Babu yetu, tulipofunua picha tulizoagiza kwa kijana huyu, wanajua ilivyokuwa vigumu yeye kuwepo, lakini aibu hii si yetu. Ni ya mtu aliyepokea fedha zilizochangwa na wazee, wengine wao wakiwa wameuza mahindi, akatutengenezea uongo wenye fremu.

Nitaeleza ilivyotokea, tena kwa kirefu, kwa sababu wapo ambao wameshaanza kusema kwamba mtu aliyesoma hawezi kudanganywa kirahisi namna hiyo. Mimi sikudanganywa kirahisi. Nilipoingia katika chumba kile, harufu ya tapentaini ilinipokea kabla yeye hajanipokea. Akasimama, akafuta mikono kwa kitambaa chenye madoa ya rangi, akaniamkia, "Shikamoo dada, kamwene," kwa adabu ya kijana aliyelelewa. Katika stendi ya kuchorea palikuwa na kanvasi yenye sura ya bibi mmoja mzee. Uso ulikuwa umekamilika hadi mikunjo ya macho, lakini kilemba kilikuwa bado ni tabaka la chini la kahawia, na mikono ilikuwa mistari mitupu ya mkaa. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kanvasi hiyo akanionyesha rangi mbichi iliyonata. Pembeni palikuwa na kopo la brashi za manyoya ya nguruwe, tyubu zilizokunjwa kutoka chini kama wafanyavyo watu wasiopoteza rangi, na kibao cha kuchanganyia kilichoganda matabaka kwa matabaka.

Nikampa picha ya Babu. Ni picha ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa studio zamani, na ndiyo pekee tuliyo nayo. Aliishika kwa kingo tu, ili vidole visiguse sura, akaipeleka dirishani, akakaa nayo kimya kwa muda. Kisha akaanza kuniuliza mambo ambayo picha ya nyeusi na nyeupe haiwezi kusema: Babu alikuwa mweusi wa kuelekea wekundu au wa kuelekea bluu, koti lilikuwa la rangi gani, mvi zilikuwa zimeanza kidevuni au la. Nilipotaja koti la kaki, akanieleza kwamba hatatumia rangi nyeusi ya tyubu kwa vivuli vya uso kwa sababu inaufanya uso ufe, bali atachanganya kahawia iliyoungua na bluu nzito, halafu penye mwanga ataweka rangi ya udongo wa manjano pamoja na nyeupe kidogo. Akaeleza pia kwamba tabaka la kwanza linapakwa jembamba, likiwa limezimuliwa kwa tapentaini, na yanayofuata yanaongezewa mafuta ya kitani hatua kwa hatua, kwa kuwa tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, litakauka kwanza na baadaye litapasuka.

Hayo yote ni kweli. Binamu yangu anayefundisha sanaa amenithibitishia neno kwa neno kwamba hivyo ndivyo mchoraji wa rangi za mafuta anavyofanya kazi. Sasa naomba anayenishangaa anijibu: mtu anayejua ufundi kwa kina hicho, mwenye vifaa, mwenye kazi mbichi mbele ya macho yako, utamshuku kwa lipi? Huyu hakuwa tapeli asiyejua analolisema. Alikuwa anaijua kazi, na akaamua kuutumia ujuzi huo kuwa chambo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Tulikubaliana shilingi 850,000: laki saba kwa sura ya Babu kwa rangi za mafuta, kipimo cha sentimita 60 kwa 80, na laki moja na nusu kwa mchoro wa Bibi kwa mkaa. Nilitanguliza laki tano kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Alisema ni laini ya mke wake.

Wiki chache baadaye akanipigia kwamba kazi imekamilika. Nilimwuliza imekaukaje mapema hivyo katika baridi ya Julai, maana nilikuwa nimesikia kwamba rangi za mafuta hazikauki kwa maji kutoka kama nguo, bali mafuta yenyewe hugandishwa polepole na hewa, na baridi huchelewesha zaidi. Akajibu bila kusita kwamba ametumia dawa ya kukaushia. Dawa hizo zipo, na wachoraji huzitumia. Ndivyo alivyo: kila uongo wake umeegemezwa kwenye ukweli fulani.

Tulikutana stendi jioni, giza likiingia na basi likikaribia kuondoka. Picha zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya kaki na nailoni juu yake. Alifungua kona moja tu, akamulika kwa tochi ya simu, nikauona mkono wa Babu umeshika bakora. Akaniambia niguse. Nikapitisha vidole na kuzihisi alama za brashi, ngumu, zimeinuka, na nakiri kwamba machozi yalinilengalenga. Akafunga haraka, akanionya nisifungue hadi siku ya shughuli kwa sababu vanishi ilikuwa changa na vumbi lingenasa. Nikamlipa laki tatu na nusu zilizobaki palepale. Hata wakati huo alikuwa na upole wa kunisaidia kuzipandisha kwenye basi na kumsihi utingo asiziwekee mzigo juu.

Siku ya kumbukumbu, Baba Mkubwa ndiye aliyefunua, saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia vizuri chini ya turubai la shughuli. Kwanza watu walipiga vigelegele. Kisha wazee wakasogea karibu, na Shangazi akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hivi Babu alikuwa na kovu hapa?" Kulikuwa na mstari mweupe kutoka bega la kulia kushuka kifuani. Mstari ule ninaujua tangu utotoni, kwa sababu ndio mkunjo wa ile picha ya studio, iliyokaa ndani ya pochi ya Babu miaka mingi. Mashine ilikuwa imeuchapa mkunjo pamoja na koti, na mtu akajaribu kuufunika kwa rangi ya kahawia iliyong'aa tofauti na sehemu nyingine. Hakuna mchoraji anayechora mkunjo wa karatasi kwenye bega la mtu.

Binamu akainama, akaikagua kona ya chini, akaikwangua kwa ukucha. Kikabanduka kipande kinachopitisha mwanga, laini, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na chini yake sura ya kitambaa ikabaki vilevile, haikupungua hata kidogo. Ilikuwa gundi nyeupe ya mbao, ile ambayo ikikauka haina rangi. Akaweka lenzi ya kukuzia, tukachungulia mmoja baada ya mwingine: vitone vidogo vya bluu, waridi, njano na nyeusi vilivyopangwa na mashine. Zile alama za brashi nilizozigusa stendi zilikwenda zote upande mmoja, zikikata pua, jicho, koti na ukuta wa nyuma bila kujali kilichokuwa chini yake, ilhali brashi ya mchoraji hufuata umbo la shavu na kugeuka palipo na taya. Mchoro wa Bibi nao ulisuguliwa kwa leso nyeupe, na leso ikabaki nyeupe. Mkaa, hata ukipuliziwa dawa ya kuushikilia, ukisuguliwa kwa nguvu huacha alama. Ile ilikuwa picha ya simu iliyogeuzwa na programu ionekane kama mchoro, ikatolewa kwenye printa, tena kwenye karatasi nyepesi ya ofisini.

Baba Mkubwa akaniuliza mbele ya wote kwamba kitu hiki kiligharimu kiasi gani. Nikataja. Sitaki kuandika zaidi kuhusu dakika zile.

Naomba nieleweke: simpingi mtu anayechapa picha kwenye kitambaa. Ni kazi halali, ina bei yake ndogo, na wengi wangeipenda. Wala silalamikii vifaa vya bei nafuu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi miaka ya mwisho ya sitini hadi kifo chake mwaka 1972, na kazi zake zimeheshimiwa duniani, kwa kuwa kila aliyenunua alijua anachonunua na mkono ulioifanya ulikuwa mkono kweli. Huyu wetu ameiba mara mbili: ametuibia sisi, na amewaibia vijana waaminifu wa mikoa hii ambao kuanzia sasa kila mteja atawakwangua kazi zao kwa ukucha.

Nilipompigia, alisema, "Dada, hiyo ni teknolojia, siku hizi wote wanafanya hivyo." Nilipomwambia arudishe fedha pamoja na picha ya asili ya Babu, alikata simu, na tangu hapo hapatikani. Nikaenda chumbani kwake, nikakuta kufuli. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyenieleza kwamba yule bibi wa kilemba cha kahawia amekaa kwenye stendi ile zaidi ya mwaka bila kukamilika, na kwamba kila mteja alipotarajiwa, kijana alimpaka rangi mbichi kidogo ukingoni. Sura ile haikuwa hata kazi yake. Iliachwa na mchoraji mwingine aliyekuwa akikaa naye.

Nataka ashitakiwe, na nataka afungwe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inalitaja kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake inafika miaka saba jela. Hiyo saba kwangu ni michache. Wapo walioniambia nimsamehe kwa sababu ni kijana na maisha ni magumu. Waniambie pia maisha ya Baba Mkubwa, aliyetoa laki moja, ni mepesi kiasi gani. Nataka arudishe kila shilingi mbele ya wazee wale wale, na Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo ndilo linalosajili wasanii, lisimpe nafasi katika shughuli yoyote. Aliyemchapia vitambaa naye aulizwe alidhani vinakwenda wapi.

Kwa anayetaka kuagiza kazi kwa mtu yeyote, aombe kuiona ikiwa nusu, yaani yake mwenyewe, si ya mtu mwingine iliyoko kwenye stendi. Mchoraji wa kweli hatakataa kukutumia picha ya mistari ya kwanza, kisha ya tabaka la chini, kisha ya uso. Ipokee mchana. Igeuze uone mgongo wa kitambaa, itazame kwa mwanga wa ubavuni, na kuza jicho kwa kamera ya simu uangalie kama kuna vitone. Jina la muamala lisipofanana na la fundi, simama hapo hapo. Na msiache picha ya asili kwa mtu. Piga nakala, umpe nakala.

Huko Mbeya anasemekana kupita maeneo ya Kabwe na Mwanjelwa akiwa na albamu ya kazi, na anawalenga hasa wanaojiandaa na harusi na kumbukumbu za wazee wao. Ana sauti ya chini, anapenda kueleza vivuli na mwanga, na ana doa la rangi ya bluu kwenye kamba ya saa yake. Kama umeshatanguliza fedha, usimalizie. Nenda polisi ukiwa na ujumbe wa muamala na kazi yenyewe uliyokabidhiwa, maana tukiwa wengi hatasema kwamba ilikuwa kutoelewana kwa mteja mmoja. Na kama katika vitu vyake mtaona picha ya mzee aliyevaa koti, ameshika bakora, yenye mkunjo kwenye bega la kulia, mwambieni aikabidhi kituoni leo, hata kabla ya fedha.