Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: bei iko sawa kabisa, kuifikisha shambani ndio kazi

Wacha nianze na bei kwa sababu hapo ndio inatusaidia kweli. 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha mbolea dunia nzima, mfuko wa kilo 50 ulikuwa unaenda elfu sita na zaidi na kuna watu huku kwetu walipanda mahindi bila kitu. Septemba mwaka huo serikali ya Kenya ikatoa ya ruzuku kutoka 6,500 ikafika 3,500, halafu 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Sasa chukua mtu wa ekari mbili, mfuko mmoja wa kupanda na mmoja wa topdresi (ya kukuzia mahindi yakishaota) kila ekari, hiyo ni mifuko minne, elfu kumi, mahali angelipa ishirini na sita. Hiyo ni karo ya mtoto, msiniambie ni kitu kidogo.

Usajili ni kwa chifu, unapeana kitambulisho, namba ya simu, ekari ngapi na unapanda nini. Msimu ukifika unapata vocha kwa meseji inasema mifuko yako ni mingapi, unalipa na M-Pesa, unaenda bohari ya NCPB, ile bodi ya serikali ya nafaka, ama sosaiti ya wakulima iliyo karibu unachukua. Hii ya meseji naisifu, mifuko inahesabiwa kwa ekari zako sio kwa unajuana na nani.

Lakini hiyo 2,500 ni bei ya kwa geti. Kutoka kwetu mpaka kituo boda anataka mia tano kwa kila mfuko, na ukifika unaweza ambiwa ya kupanda imeisha imebaki CAN ya topdresi, ama lori haijaingia rudi kesho, na kesho ni nauli ingine. Mwenye ekari hamsini anatuma pickup mara moja anamaliza, sisi wadogo ndio ruzuku inaishia barabarani. Na mvua haingojei meseji ya mtu. Mwisho wa Machi udongo ukishalowa lazima upande, kuna jirani zangu vocha iliwapata washapanda na mbolea ya kukopa agroveti, sasa hao wamesaidiwa na nini jamani?

Kuna pia wamama wajane. Mama mkwe wangu shamba liliandikishwa na laini ya marehemu mzee, laini ikazimwa, vocha zikawa zinaenda kwa namba haipo. Chifu alimsaidia kubadilisha, lakini msimu ulikuwa umeshapita. Kama uko na mzazi hivyo mfuatilie sasa hivi kabla ya kulima, usingoje Februari.

Ile mbolea feki ya 2024 wote tunaijua, mifuko ilipita kwa huu mpango na KEBS, shirika la serikali la kupima ubora wa bidhaa, ikapima ikasema haifiki kiwango. Serikali ilisema walioumia watarudishiwa mbolea nzuri, sawa, lakini mahindi ikishatoka na njano huwezi kuirudisha nyuma. Tangu hapo mimi nafungua mfuko mbele ya karani kabla sijapakia, na risiti nawekea kwa Biblia.

Kitu ingine hawasemi vya kutosha ni udongo. Sehemu nyingi za huku udongo una asidi na DAP, hii mbolea ya kupanda, ya kila mwaka imeongeza hiyo asidi, unaweka mbolea ya bei rahisi na mmea hauishiki. Ningependa sana chokaa iingie kwa hiyo vocha pamoja na kupimiwa udongo, hapo gunia zingeongezeka hata bila kuongeza mifuko.

Bei napea tano kwa tano. Kufikisha napea mbili, na itabaki mbili mpaka kila wodi iwe na kituo chake na mbolea iwe imeshafika hapo Februari. Kwa sasa tunachofanya huku kwetu ni watu kumi wanaunganisha vocha zao, wanakodi kanta (lori ndogo) moja, nauli inashuka hadi karibu mia moja hamsini kwa mfuko. Jaribuni hivyo.