Cessna 172S ya kuizunguka dunia peke yako: ndege haina neno, petroli ndiyo kazi

Mwaka 2021 Travis Ludlow wa Uingereza aliizunguka dunia peke yake kwa Cessna 172R akiwa na miaka 18. Kwa hiyo 172 inafika. Tunachopima hapa ni 172S, yenye nguvu farasi 180 badala ya 160 za R, kwa rubani anayeanzia Entebbe.

Tuanze na kuruka. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 28, injini hupumua hewa nyepesi kama ya futi 6,200. Mbio za kuruka zinaongezeka kwa nusu na zaidi ukilinganisha na pwani. Njia ndefu ya Entebbe inakuvumilia, kiwanja kidogo cha Kajjansi ukiwa umejaza mafuta hakikuvumilii. Wengi waliojifunzia pwani hukosea kwenye kishikio chekundu, kile cha kupanga mchanganyiko wa petroli na hewa: wanakisukuma hadi mwisho, injini inashiba petroli kupita kiasi, plagi zinashika masizi na nguvu inapungua. Juu ya futi 3,000, kivute taratibu injini ikiwa imefunguliwa kabisa, mpaka mizunguko ifike juu kabisa, ndipo uachie breki.

Uzito ndio unaoamua safari. Kikomo ni kilo 1,157, ndege tupu ina karibu 755, hivyo unabaki na kama 400. Toa rubani na vifaa vya uokozi, 110. Toa mafuta ya mabawa, lita 201 zinazotumika, karibu kilo 145. Toa tangi la ziada na mikanda yake, 20. Zinabaki kama kilo 125, yaani lita 170 hivi za petroli ya tangi la ziada. Injini inakunywa lita 32 kwa saa, basi jumla ni saa 11 na nusu, na ukiacha akiba ya saa moja na nusu unapata maili za baharini 1,150 bila upepo wa mbele. Greenland utafika. Hawaii kutoka California ni zaidi ya maili 2,000, hapo sahau, au omba kibali cha kuzidisha uzito. Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo hupita kaskazini.

Tangi lenyewe hukaa mahali pa viti, na linaleta matatizo yake. Ukianza kupampu kwenda kwenye bawa mapema, bawa linajaa na petroli inamwagika nje kupitia tundu la hewa bila wewe kuona. Subiri bawa litumike saa mbili, pampu kwa kuangalia saa, zima, kisha soma geji. Tundu la hewa la tangi la ziada likiziba, pampu inanguruma lakini hakuna kinachopita. Na boti ya kujaza upepo isiwekwe nyuma ya tangi. Ukiwa majini hutaifikia.

172S ina sehemu 13 za kutolea maji kwenye mafuta: tano kila bawa, tatu chini ya mwili wa ndege. Inachosha, hasa mvua ikinyesha, lakini petroli ya mapipa ya lita 200 mara nyingi huwa na maji, na maji hukaa chini. Chukua sampuli zote 13 kwenye kikombe cha kioo. Avgas 100LL, petroli ya ndege inayotumiwa na 172, ni ya buluu. Ukiona isiyo na rangi yenye harufu ya mafuta ya taa, hiyo ni Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, na usiwashe injini.

Kwenye petroli ndipo nyota tunazoipa ndege hii zinapopungua. Barani Afrika Jet A-1 iko karibu kila kiwanja kikubwa, Avgas ni ya kuagiza mapema na kuthibitisha kwa maandishi kituo kwa kituo. Mzunguko unaotambuliwa na FAI, shirikisho la kimataifa la rekodi za anga, unaanzia kilomita 36,787, saa 170 na kitu kwa mwendo wa 172: zaidi ya lita 5,500 za kutafuta, na kumwaga oili kila saa 50.

Diamond DA40 NG hutumia Jet A-1, karibu lita 25 kwa saa, na kwa safari ya kuanzia hapa tungeichagua hiyo. Ila injini yake hutaka fundi mwenye kompyuta maalumu. 172 inatengenezeka Soroti, ambako marubani na mafundi wamefundishwa tangu 1971, na plagi za akiba zinaingia kwenye mfuko wa mlango.